Onyesho la Tatu: Mbuzi Mmoja

Mwalimu Ghalib ana vigezo vyake.
Amevichapa karatasi mbili, mbele na nyuma,
akatugawia ukumbini kama tende za futari:
mgogoro, kilele, mhusika anayegeuka,
maneno ambayo mtu akitoka, anatoka nayo.
"Tamthilia kubwa," akasema, "ni ile ambayo
ukichomoa sentensi moja, yote inaporomoka."
Akavua miwani. Akaivaa tena.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na daftari,
kazi yangu kuwanong'onezea wanaosahau.

Ilikuwa Ibra, shule ya wasichana,
viti vya plastiki, kiyoyozi chenye kikohozi,
na tamthilia yetu ya Kiswahili ilijaa sentensi
za kuchomoa. Bi Mahfudha wa benki
aliiandika usiku, baada ya hesabu,
na mara nyingine hesabu zilipenya:
mjomba mmoja anadai urithi kwa asilimia.

Onyesho la tatu lilitaka mbuzi.
Niliandika mwenyewe kwenye orodha ya vifaa:
meza, sinia, mbuzi mmoja.
Zahran amezaliwa hapa hapa,
Kiswahili chake ni cha jikoni, cha kuitwa kula.
Akaenda sokoni Jumatano, akabishana bei hadi adhuhuri,
akarudi na mbuzi wa miguu minne,
mweusi, masikio marefu, anatafuna risiti yake.

Tulicheka mpaka Azza akaharibu wanja.
Kisha kicheko kikatuishia mmoja mmoja,
maana kati yetu sote, watu arobaini,
hakuna aliyekuwa na ile nyingine nyumbani,
ile ya kukunjwa, yenye ulimi wa chuma na meno.
Tuna mashine. Tuna tui la boksi.
Bi Khaltham ndiye aliyemtuma mjukuu kwenye gari.
Ilikuwa kwenye buti, imeviringishwa kanga kuukuu.
Bibi, kwa nini unatembea nayo?
"Na wewe mbona unatembea na tairi la akiba?"

Basi usiku ule Azza akakaa juu ya mbuzi,
nazi ya Salala mikononi, sinia chini,
mbele yake mistari ishirini na miwili
ya kumwambia kaka yake kuhusu nyumba iliyouzwa.
Akakuna.
Kwaru. Kwaru.
Nikamnong'oneza: *Kaka, nyumba ile...*
Kwaru. Akanitazama, akaendelea.
Nikadhani amesahau. Nikarudia kwa sauti,
mstari wa mbele wakanisikia, wakaniambia nyamaza!

Na Harub, aliyepaswa kuingia akifoka,
aliingia, akasimama, akasikiliza.
Kisha akachuchumaa kando ya sinia,
akadokoa nazi, akatia kinywani.
Azza hakumtazama. Alimpiga tu mkono,
pa,
kama dada wa miaka tisa.

Ukumbi mzima ulitoa pumzi.
Mtu huko nyuma, mwanamume mzima, akasema:
"Mwache ale."

Nimezisoma zile kubwa, zenye wafalme na mizimu,
chuoni Maskat, kwa tafsiri, na mtihani nikafaulu.
Sasa nadhani katika zote hizo
nilikuwa nikiutafuta mkono ule uliopigwa,
na pengine umo, ila mimi nilikuwa nikipigia mstari
maneno.

Mwalimu Ghalib alinijia na karatasi zake.
"Zimechomoka kurasa tatu," akasema,
"nimehesabu." Akangoja nimweleze.
Punje ya nazi ilikuwa kwenye ndevu zake;
hata leo sijui ilifikaje.

Bi Mahfudha akaomba daftari, akafuta mjomba na asilimia,
akaandika: *Anakuna. Anadokoa. Anapigwa.*
Uani mbuzi mweusi alikuwa akilia,
na Zahran akiuliza nani ataondoka naye.

Bi Khaltham alikuwa akiifuta meno kwa ncha ya kanga,
taratibu, jino baada ya jino.
"Kesho mnaitaka tena?"
Tukasema ndiyo, bibi, tunaitaka,
ingawa ukumbi tuliukodi kwa usiku ule tu.