Futi ya Mama

Futi ya mama ilikuwa mita moja na nusu,
ya njano, imechanika kwenye themanini na tatu.
Mchana ilizunguka viuno vya wateja, pale Birere.
Jioni niliichomoa mfukoni mwa aproni yake
nikaenda kumpimia Kavugho hewa.

Uwanja ulikuwa nyuma ya shule, juu ya lava iliyopoa.
Mchanga tuliuleta kwa chukudu, safari kumi na moja,
mweusi, unaoganda kwenye jasho.
Ubao wa kurukia tuliupata kwa fundi chukudu, mkaratusi uliopasuka,
na ukingoni tulipaka fufu la jana
ili kidole kikivuka kiache ushahidi.
Mbuzi wa jirani walikula ushahidi mara nyingi.

Mruko wa kwanza huangukia mguu uleule ulioondoka.
Wa pili huazima mguu mwenzake.
Wa tatu hauna mguu.
Hakufundishwa na mtu. Alichota maji ziwani tangu ana miaka saba,
na njia ya kurudi kwetu ni mawe yanayokata kandambili:
unachagua jiwe kabla hujalifikia,
ukikosea, bidoni mgongoni inakuambia.

"Ngapi?" angeuliza, mchanga mapajani, pumzi bado.
"Usiniibie, Katembo. Ngapi?"

Nilipiga magoti. Mara nane,
alama ya mkaa kila futi ilipoishia, kisha kipande.
Kumi na tatu na ishirini!
Sikumwibia. Nilimwongezea.
Kila nilipoihamisha futi niliilegeza,
upana wa vidole vitatu, mara nane, jioni hadi jioni,
kwa sababu uso wake akiisikia namba
ulikuwa chakula,
na kuna siku nyumbani hakikuwepo kingine.

Paspoti ilichukua miezi minane
na cherehani moja kati ya mbili.
Akavuka bariyeri na viatu vya kuazima,
akafika uwanja wenye njia nyekundu, laini kama godoro,
na mtu mwenye kofia akavuta utepe wa chuma,
utepe usio na dada.
Kumi na mbili, sabini na moja.

Alinipigia usiku. Hakunitukana.
"Katembo," alisema, "ile futi."
Kisha salio likaisha, au alikata.

Miezi mitano alisema na mama tu.
Kupitia mama nikapata hesabu:
ninadaiwa sentimita arobaini na tisa.

Alizilipa mwenyewe. Miaka saba.
Yaounde, Rabati, na mji mmoja wa Ulaya
ambako mtangazaji alimwita Kafuko, halafu Kavujo,
halafu akaacha, akataja nchi tu.
Bendera nyekundu. Nyekundu. Nyeupe, lakini fupi.
Mwaka ule barabara ya Sake ilipofungwa
na simu zetu hazikupatikana siku tisa,
aliruka akiwa hajui kama tupo,
akawa wa kumi na nne kati ya kumi na watano.
Alisema miguu ilikuwepo. Masikio ndiyo yalibaki Goma.

Halafu, asubuhi ya Jumanne,
picha kwenye simu yangu, bila neno:
ubao wa taa, jina lake limeandikwa sawasawa,
13.24.
Nafasi ya saba. Wa saba hapandi jukwaani,
hupewa chupa ya maji na njia ya kutokea.
Nilikaa kizingitini nikiitazama mpaka simu ikazimika.
Sentimita nne juu ya uongo wangu.

Amerudi mwezi uliopita, na goti.
Anashuka ngazi kwa upande, kama kaa.
Mama akavaa miwani, akaitoa futi,
ileile, sasa imeshonwa pale themanini na tatu,
akalizungusha goti, taratibu,
kama kiuno cha bibi harusi.
"Arobaini na moja," alisema mama. "Au arobaini."

Kavugho hakuliangalia goti.
Aliniangalia mimi.
"Ivute, mama," alisema.
"Ivute vizuri."