Kinywa cha Boneti

Kisilu amezipanga mbili juu ya gunia
nje ya gereji yake, Barabara ya Kirinyaga,
kama mchuuzi wa samaki aliyekwisha kuona mfuko wako umetuna.
Intakula mbili.
Moja nene, upana wa mlango wa kabati,
imetolewa kwenye gari lililogongwa Japani,
mapezi yake yamelala upande mmoja.
Nyingine nyembamba, mpya, bado ina stika.
"Chagua," anasema. "Mimi nina klachi ya mtu."

Jana Nyaboke aliniuliza, sweta mbili mwilini:
"Unanunua kitu cha kupoza hewa?
Nairobi? Mwezi wa saba?"

Nilikosa jibu la kumtosha.
Ningemwambia hewa ya huku juu ni nyepesi,
uji wa tarehe ishirini na nane,
na tabo lazima ijitume zaidi ili injini ishibe.
Hewa ukiikaba inachemka.
Na ikiingia kwenye silinda na hasira zake
unasikia karanga kikaangoni,
sauti ndogo,
ya bei kubwa.

Ile ya kiwandani imelala juu ya injini,
chini ya kinywa cha boneti.
Barabara ikiwa wazi, upepo unaingia, inatosha.
Lakini mimi nakaa Imara Daima.
Saa moja na nusu asubuhi niko Bellevue,
dakika arubaini, gia ya kwanza,
na kipozaji changu kimekaa juu ya jiko
kama mtu aliyetumwa kuzima moto akaishia kuuota.
Kisilu ananishika mkono, anaweka kiganja changu juu yake.
Nahesabu mbili. Natoa.
"Hiyo sasa ni pasi," anasema.

Basi mbele, nyuma ya bampa. Lakini ipi?

Nene itapanda mlima wa Limuru bila kutoa jasho.
Ila tumbo lake kubwa, paipu zake ndefu:
ukikanyaga mafuta unangoja lijae,
kama kumwomba mjomba tajiri,
pesa zinakuja, baada ya salamu za kila mtu nyumbani.
Halafu itaizibia redieta njia,
na pale pale Bellevue
utakuwa umepoza hewa, ukachemsha maji.
Nyembamba inajibu haraka. Inachoka mapema.

"Unakimbiza gari mara ngapi kwa mwezi?" anauliza Kisilu.
"Ukweli. Si ule unaowaambia vijana Jumapili."

Mara moja.
Usiku, Southern Bypass, Lang'ata hadi Kikuyu,
vioo chini, masikio yakiuma kwa baridi.
Kisha narudi nyumbani na mkate.

Nikanyoosha kidole kwa ile nyembamba.
Sikuona haya. Kidogo tu.

Saa tisa wakakata bampa.
Unga wa plastiki ukamjaa Mwendwa kwenye nywele,
nami nikageukia duka la vioo vya pembeni,
nikajiona mara kumi na moja, kila mara nimekunja uso.
Hosi nyekundu, klipu nane. Moja ililegea;
gari likalia kama nyoka hadi Pangani,
tukarudi, ikakazwa, hakuna aliyecheka
isipokuwa wote.

Sasa kinywa cha boneti hakilishi kitu.
Kisilu alitaka kukiziba kwa bati, mia tano tu.
Nikakataa, sijui kwa nini.
Manyunyu yanaingia humo,
yanagusa chuma, yanatoka mvuke.

Nyaboke amefunga geti.
Anakuja, anasimama mbele ya gari,
anaiweka mikono yake yote miwili juu ya lile tundu,
anaigeuza, mbele na nyuma, kama anachoma mahindi.
"Hii," anasema, "ndiyo uliyoenda kupoza?"