Herufi Isiyoinua Mguu

Alikuja kibandani kwangu Kibokoni, Ijumaa, baada ya sala,
fundi wa winchi za Kilindini, Qiu jina lake,
grisi ingali kuchani,
akiulizia brashi ya singa za mbuzi.
Nikamwambia ninazo za nailoni tu. Mimi huandika
KINYOZI, MISHKAKI TAYARI, USIKOJOE HAPA,
kwa rula, kwa chaki, kwa uzi uliovutwa baina ya misumari miwili.

Akatoa yake mfukoni, imeviringwa ndani ya soksi.
Akasugua wino juu ya kijiwe, tone kwa tone la maji,
taratibu, kama mama akisaga liwa.

Akashusha pumzi.
Ndipo mkono ukatoka, si vidole, mkono mzima tangu begani,
ukatua karatasini kwa kishindo cha paka,
ukapinda, ukakata kona bila kubisha hodi;
herufi ya kwanza ikaishika ya pili upindo wa nguo,
ya pili ikaiburura ya tatu,
hadi wino ukaisha njiani
na brashi ikazidi kwenda, kavu,
ikiacha nyuzi nyeupe ndani ya weusi
kama mkeka ulioanza kufumuka.

Nikamsogezea kidau: chovya, rangi imekwisha!
Akanizuia mkono. "Hapo," akasema,
kwa Kiswahili cha gatini, "hapo ndipo."

Imeandikwa nini?
Akainamisha kichwa, akasoma, akakwama katikati.
"Hii nimesahau. Mkono wajua."

Nikamkumbuka ami Shekue
akiandika kombe kwa zafarani na marashi,
sahani nyeupe, mistari ikikanyagana,
kisha maji juu yake, mgonjwa akanywa.
Hatukuuliza yasomekaje.
Yalisomwa na tumbo.

Usiku ule nikachota maji ndooni,
nikaandika jina langu kwenye saruji ya ua,
bila rula, pumzi moja.
Joto la Mombasa halingoji mtu:
sijafika mwisho, mwanzo umeshakwenda zake.
Nikaandika tena. Na tena.
Jirani akachungulia dirishani, akafunga pazia.

Jumatatu mwenye kinyozi akaja juu:
ile I ya mwisho mbona imechakaa
kabla kibao hakijatundikwa?
Nikampunguzia shilingi mia mbili.
Sikuigusa.