Mistari ya Chaki, Langoni

Siku tatu tulifunzwa Mombasa, kiyoyozi kikivuma,
viwango vya kimataifa vya hesabu za umma:
deni huandikwa siku linapozaliwa,
si siku linapozikwa.
Nikacheka peke yangu. Miaka kumi na moja
nimekuwa karani wa mazishi.

Nikarudi Lamu na rejista ya mali, kurasa tupu.
Andika kila kilicho chetu.
Ukuta wa forodhani: nani aliujenga, kwa pesa ngapi?
Punda wawili wa kuzoa taka, mmoja achechemea.
Boti ya wagonjwa: injini ilipelekwa matengenezo
mwaka juzi, haijarudi.
Kwenye safu ya uchakavu niliandika,
nikafuta, nikaandika tena. Sifuri.
Bado ina rangi nyeupe. Inapendeza.

Halafu madeni.
Kwa hesabu zetu za zamani Bi Shumi Athmani hakuwepo.
Alileta mikate hospitalini, wagonjwa wakala,
na kwa kuwa pesa haikutoka, mkate haukuingia.
Kila mwezi alipanda ngazi zetu na ankara mkononi,
na kila mwezi nilimwambia, kwa adabu kabisa:
kitabuni hamna kitu.

Mwisho wa Juni nikamgeuzia kompyuta.
Huyu hapa. Jina lako.
Laki tatu na elfu kumi na mbili.
"Nimelipwa?"
La. Umeandikwa.
Akasoma polepole, kidole hakigusi kioo.
"Mmeacha Ramadhani. Mlitwaa mara mbili."

Nikamfuata nyumbani kuhakiki, kama mwongozo unavyotaka.
Nyuma ya mlango wa jiko, kutoka komeo hadi kizingiti,
mistari ya chaki, mmoja kwa kila kapu lililotoka,
kila mitano imefungwa kwa mkato;
ya Ramadhani imesimama miwili miwili,
bega kwa bega, kama watu katika safu ya sala.
Hakuna hata mmoja uliongoja pesa ndipo uchorwe.

Nilihesabu nimepiga magoti, kalamu mdomoni.
Nikarudia.
Yake ilikuwa sawa,
yetu imepungua elfu ishirini na sita.
Nikasahihisha, nikatia sahihi, nikajipangusa unga.

"Na ya yeo?" akauliza,
akafungua pindo la leso, akatoa kipande cha chaki,
akanipa mgongo,
akachora.