Nyuma ya Maandishi

Saa nne usiku, Mwanjelwa, mwishoni mwa Mei,
baridi imeingia hata ndani ya kipanya.
Nimevaa koti juu ya koti, nimefungua faili la Lugano
lililosafiri kutoka Tukuyu kwa simu:
Tumpe na Anyelwisye, herufi za dhahabu,
ua la kahawa linachanua juu ya T.

Nikalitandaza juu ya picha ya kanisani.
Ua likachanua, ndiyo,
lakini ndani ya sanduku jeusi,
jeusi ti, la pembe nne, kama mlango wa stoo,
na sanduku likakaa barabara juu ya uso wa mama mzazi
pale pale anapofuta chozi kwa ncha ya kitenge.
Jina la mtoto limemfuta mama.

Nikapiga. "Lugano, umeibana?"
"Nimeibana, kaka. Ile nzima ina giga sita.
Huku mvua haijakatika tangu Jumapili,
mtandao unapanda na kushuka kama lori la ndizi pale Kiwira.
Ningekutumia nzima, ungeipata siku ya ubatizo
wa mtoto wao wa kwanza."

Najua. Simlaumu.
Kila chembe ya picha ina wapagazi wanne:
mmoja mwekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa bluu,
na wa nne asiye na rangi,
ambaye kazi yake ni kusema
huyu aonekane, huyu asionekane, huyu nusu.
Mzigo ukizidi, huyo ndiye anayeshushwa kwanza.
Wanamwona hana kitu mkononi.
Na akishashuka, pale palipokuwa wazi
panajaa kiza;
mashine haijui namna ya kuacha mahali patupu.

Dirishani, mlima Loleza haupo.
Ukungu umeshuka hadi taa za Kabwe,
taa zinapenya nusu,
bati la jirani linapenya robo,
mbwa anabweka bila mwili.
Nani anaubeba ukungu huu, kwa giga ngapi,
na unafika mzima kila usiku?

Nikampigia tena.
"Tuma mbili. Ya kwanza ya rangi, kama ulivyotuma.
Ya pili usitie rangi kabisa:
penye herufi weka nyeupe,
pasipo na kitu weka nyeusi,
na pale ukingo wa petali unapoyeyuka
weka kijivu, kijivu chako chote, usinifanyie choyo."
Akacheka. "Kama kukata sare kwa karatasi ya gazeti."
"Hivyo hivyo. Gazeti hulivai, lakini bila gazeti—"
Salio likaisha.

Saa saba kasoro zikafika zote mbili, nyepesi,
megabaiti ishirini na kidogo.
Nikalaza moja juu ya nyingine,
nikaiambia mashine: soma weupe huu kama ruhusa.
Sanduku likaondoka.
Mama akarudi, na kitenge chake, na chozi,
na T ikasimama kando ya bega lake
kama mgeni aliyeingia ibada imeshaanza.
Ukabaki uzi mwembamba mweusi kuzunguka petali,
masizi ya kule lilikotoka.
Nikaukwangua fremu kwa fremu mpaka jogoo wa Mama Sekela.
Haukuisha wote. Ukijua pa kutazama, utauona.

Jumamosi mzee Mwaisumo akaketi mbele ya kioo,
kofia mapajani. Akatazama mpaka mwisho.
Akasema nirudishe nyuma. Akatazama.
Kisha akaweka kidole juu ya ua:
"Maandishi mazuri.
Ila hapa nyuma yake, mwanangu,
naona kanisa tu, na mke wangu analia.
Hapa hujaweka kitu?"

Nikasema, hapana, mzee.
Akapunguza elfu kumi.