Chupa ya Mwaka wa Joto

Ghislaine aliishika shingoni, kama kuku wa sikukuu.
"Si ile ya mabwana," akasema. "Huu ni mvinyo wa pili,
wa mizabibu michanga, uliokataliwa pipa la kwanza."
Kizibo kikakatika. Nusu tukaichokoa kwa kisu.

Mwaka ule jua lilikosa adabu.
Tulivuna usiku, Agosti, kwa kurunzi,
changarawe za Gironde zikituchoma bado nyayo,
na baba yake, mzee Anselme,
mwezi wa tisa hakuuona.

Nikanusa: kiatu kikuukuu, tumbaku,
udongo ulionyeshewa
mvua ile ile tuliyonyimwa.

Nikaonja. Ukakasi umelainika,
umebaki mkwaruzo tu, ulimi wa paka;
na mwishoni utamu wa kuungua,
sufuria ya jamu iliyosahauliwa mekoni.

"Wajuzi walisema hautatimiza miaka kumi."
Akahesabu vidole, mikono yote miwili,
akarudia,
vikamwishia.

Kisha akamimina glasi ya tatu
mbele ya kiti kitupu.
Jua la saa kumi likaifikia mezani.
Akaisogeza, polepole,
kivulini.