Nyekundu Isichuje

Picha ya kwanza ilikuwa na megabaiti saba:
blanketi la shangazi Eulogia kwenye kamba,
mbwa, ndoo, nusu ya mlima,
na nyasi zote za uwanda wa juu, jani kwa jani.

Mnara wetu uko ng'ambo ya Ziwa Titikaka;
upepo ukivuma, mtandao nao huyumba.
Binamu Nilda, huko Juliaka, alisubiri.
Mstari mmoja wa mbingu. Mstari wa pili.
Chai yake ikapoa, akafunga.
Mnunuzi hana hata huo ubinamu.

Nikaketi jikoni na kompyuta ya shule,
karibu na moto, maana vidole viliganda.
Kwanza nikapunguza upana:
pikseli elfu nne za nini,
wakati kioo cha simu hakizidi kiganja?
Nikafuta yaliyojificha ndani ya picha,
saa, tarehe, aina ya simu,
na nukta ya ramani inayoonyesha mlango wetu.
(Hilo shangazi alilipenda. "Wezi wa alpaka wasisaidiwe.")
Kisha nikaushika ubora, nikaanza kuuminya.
Themanini: huoni tofauti.
Sitini: ukitafuta, utaona.
Arobaini: mbingu ikawa vigae,
na kando ya kila uzi vumbi likatanda,
vumbi ambalo upepo haukulileta.

Nikamwita. Alikuja na sufi mkononi,
akatazama kwa muda, akauliza:
"Nani amelifua blanketi langu kwa maji ya moto?"

Nyekundu ilikuwa imechuja.
Imevuka mpaka, imeingia kwenye nyeupe,
ile nyekundu ya wadudu wa mpungate
aliowaokota mmoja mmoja, akawakausha, akawasaga,
akatia limau na chumvi, akachemsha mpaka usiku.

Nikamweleza: mashine ni mwaminifu kwa mwanga na kivuli,
lakini rangi huipunja.
Pikseli nne huvalishwa shati moja,
kwa sababu jicho, wanasema, si hodari wa rangi.

"Jicho la nani?"

Sikuwa na jibu. Nikairudishia kila pikseli shati lake.
Uzito ukapanda.
"Sasa tupunguze wapi?" nikalalamika.
Akacheka. "Kwani tunauza ndoo?"

Tukatoka, tukaanika upya
mbele ya ukuta uliopakwa chokaa.
Mbwa akafukuzwa, akarudi, akafukuzwa.
Nilikuwa nimeshajifunza: mbingu ni rahisi,
bluu moja huisemea bluu ya jirani;
nyasi ndizo ghali, kila jani lina kesi yake.
Tukaziacha nyasi nje.

Kilobaiti mia moja na arobaini.
Nilda akaandika: imefunguka kabla sijakaa,
nyuzi nazihesabu.

Ile nzito sikuitupa. Ninayo ndani ya kopo la vifungo,
maana ukibana nakala ya nakala
kuna kitu hubaki njiani, wala hakikuagi.

Hapo ndipo alipotoa simu yake.
Fermin, marehemu mumewe,
picha pekee ya mwaka ule wa mgodini,
imepita simu kumi hadi kumfikia,
kila simu ikammega kidogo.
Macho yake miraba miwili ya kijivu.
"Kama unajua kupunguza," alisema, "ongeza."

Nilijaribu. Niliikuza, miraba ikakua nayo.
Nikamwambia ukweli:
kilichoachwa njiani hakirudi kwa kuitwa.

Hakunijibu. Akaiegemeza simu kwenye birika,
akarudi nyuma hatua moja, mbili, tano,
mpaka mgongo ukagusa mlango. Akakunja macho.
Akakaa hivyo.
"Njoo," alisema. "Simama hapa."